Meza ya Mninga

Wifi yake Rebeka alipopiga simu kutoka hospitalini Kiomboi kusema kwamba baba amepata nafuu na kesho wanamrudisha nyumbani, Dorika alikuwa amesimama mbele ya meza yake mpya, mikono imejaa udongo mpaka viwikoni, simu kaibana kati ya sikio na bega. Alisema asante Yesu, kama mkwe mwema anavyotakiwa kusema, tena kwa sauti ya kusikika. Simu ilipokatika akaiacha iteleze juu ya udongo. Akashika ukingo wa meza, na hapo ndipo hofu ilipozidi, maana alichokishika ndicho alichokuwa anakiogopa.

Meza yenyewe ilikuwa nzuri, tusimnyime Paschal haki yake. Ilimfikia Dorika kiunoni, pana ya kutosha kuchanganyia udongo, samadi na mchanga kwa pamoja, na ukingo umeinuliwa pande tatu ili udongo usimwagike. Chini kulikuwa na rafu ya kupangia viriba, vile vifuko vyeusi vya plastiki vya kuoteshea miche, ambavyo zamani alivipanga chini na kuku wa jirani wakavichakura kila vilipochipua. Misimu yote hiyo alijaza viriba amechuchumaa. Nesi wa zahanati alipompima mimba hii ya tatu alimkataza kabisa kuchuchumaa na kuinama, akamwambia pia kwamba miezi ikikaribia asingoje uchungu umkute kijijini Kinampanda, aende Kiomboi mapema akakae karibu na hospitali. Mimba ya kwanza iliharibika. Ya pili mtoto alitoka hana pumzi. Kwa hiyo Dorika alimwomba mumewe meza, akamwomba tena, na Paschal, ambaye kwa maneno hana mpinzani Iramba nzima, alikuwa akijibu kesho, kesho, mpaka mzee alipougua kifua na kupelekwa hospitali.

Baba hayupo, Paschal akaitengeneza kwa siku moja.

Alizitoa stoo mbao za baba yake. Mzee Alute alizinunua baada ya kumzika mkewe katika jeneza la mbao laini zilizookotwa huku na huku, ambalo kitako kililegea pale pale kaburini, mbele ya wakwe na wachungaji, ikabidi wanaume walikumbatie kwa chini kama gunia lililotoboka. Mzee alisema yeye hatazikwa hivyo. Akatafuta mninga mtupu, mbao ndefu zisizo na kiungo, akaziweka stoo juu ya mawe. Kila mwaka mvua zikiisha alizitoa juani, akazipaka oili chafu, akazirudisha. Kijiji kizima kilizijua. Vijana walimtania kwamba mzee ana kitanda kinachomngoja, naye alicheka nao, akasema wao watalala kwenye maboksi.

Dorika naye alizijua, na hapa hakuna wa kumtetea. Paschal alipopitisha randa, ile oili nyeusi ikatoka na wekundu wa mninga ukajitokeza, Dorika alikuwa amesimama mlangoni anaona. Hakuuliza. Mgongo ulikuwa unamuuma na meza ilikuwa inapendeza. Alisema tu kwamba ametengeneza vizuri, akaenda kumletea uji.

*

Paschal aliporudi kutoka shambani na kuambiwa habari ya kesho, kwanza alifurahi, maana alimpenda baba yake. Kisha akaitazama meza, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Alikuwa na mipango, kama kawaida yake. Watafunika meza kwa turubai. Yeye ataondoka alfajiri aende Ulemo kwa fundi mmoja anayepasua magogo ya migrivea, apate mbao za urefu ule ule, azipake oili chafu, azilaze stoo juu ya mawe. Mzee macho yake si yale ya zamani. Dorika alimsikiliza mpaka mwisho.

"Atazishika," akasema.

Mzee Alute kila aliporudi kutoka safari, hata ya msibani Mungaa ya siku mbili, alipitia stoo kwanza akazipapasa mbao zake kabla ya kuomba maji ya kunywa. Mtu aliyeshika mninga miaka yote ile hawezi kudanganywa na mgrivea.

Paschal akasema basi watasingizia mchwa. Dorika akamuuliza mchwa gani anayekula mbao zote bila kuacha hata vumbi. Mume akakasirika, akasema hii meza aliitaka nani, si yeye? Alimsumbua nani usiku na mchana? Maneno hayo yalimchoma Dorika kwa sababu yalikuwa ya kweli, akaingia jikoni, akajifanya anapuliza moto.

Hakuwa anaogopa ukali. Mzee Alute hakuwahi kumpandishia sauti. Alichoogopa ni kile ambacho wanawake wa pale hukisema kwa sauti ya chini: mzee wa nyumba akiwa na kinyongo na mjamzito, akakimeza, uzazi unafunga. Mtoto anakataa njia. Mpaka yule mzee akitoe kinyongo mwenyewe, kwa kinywa chake, kisha achukue maji mdomoni ampulizie mwanamke tumboni, ndipo mambo yafunguke. Dorika alikuwa mwanakwaya, na mchungaji alishahubiri mara nyingi juu ya mambo hayo. Lakini mchungaji hakuwepo siku mtoto wake wa pili alipotoka kimya. Wanawake wa ukoo walikuwepo, nao waliulizana nani ana neno na huyu, na hawakumpata. Safari hii wasingehangaika kutafuta.

Akiwa pale jikoni akajikuta anamwomba Mungu madaktari wamshikilie mzee kidogo. Wiki moja tu. Au wiki mbili, mpaka yeye ajifungue. Au hata... Akaliacha ombi hapo hapo, akajishika tumbo kwa mikono miwili. Aliogopa kwamba Mungu amelisikia mpaka mwisho.

*

Gari ndogo ya kukodi ilimleta mzee mchana. Alishuka amemwegemea Rebeka, binti yake mkubwa, shati limempwaya mabegani, na Dorika alipopiga magoti kumwamkia shikamoo baba, mkono uliogusa kichwa chake ulikuwa mwepesi mno. Paschal alikuwa amerudi kutoka Ulemo mikono mitupu. Turubai lilikuwa limefunika meza mpaka chini, na juu yake Dorika alikuwa ameanika mahindi ya kusaga ili ionekane ni kichanja tu.

Huenda ingepita, walau siku ile. Lakini jirani hakosi, na jirani wao alikuwa Ritha, mwanamke mwenye moyo mzuri na mdomo usio na mlango. Alikuja kumpa mzee pole, akampa, kisha akaona huzuni imezidi pale uani, akataka kuichangamsha.

"Mzee, umeonyeshwa meza ya mkweo?" akasema. "Paschal siku hizi fundi. Hata mimi nimemwambia mume wangu aje ajifunze."

Akakunja turubai na mahindi yake yote kwa mkono mmoja, kwa bashasha, kama anayefunua zawadi.

Rebeka aliitazama meza, akamtazama kaka yake, akafunga macho. Ritha ndipo akahisi amekanyaga pabaya. Akaanza kuokota punje za mahindi zilizoanguka, moja moja, bila kuinua uso.

Mzee Alute aliuacha mkono wa Rebeka. Akatembea peke yake, polepole, mpaka mezani. Akapangusa udongo sehemu ndogo, akaweka kiganja pale, akakiacha. Akapapasa mpaka ukingoni, pale msumeno ulipopita, na kidole gumba chake kikasimama kwenye ncha ya mbao iliyokatwa. Dorika aliona kidole kile kinatembea juu ya ule mkato, mbele na nyuma, akahisi kinatembea tumboni mwake.

Mzee akaomba maji ya kunywa. Akanywa, akasema amechoka na safari, akaingia ndani kulala. Stoo hakupitia.

Tangu siku hiyo hakulitaja jambo lenyewe. Alikula chakula cha Dorika na kushukuru. Aliuliza habari za mbuzi, za mvua, za alizeti. Asubuhi alitoka na kigoda chake, akakiweka karibu na ile meza, akakaa hapo akiota jua mpaka mchana. Dorika hakuthubutu kwenda kujaza viriba mzee akiwa pale, na mzee alikuwa pale daima. Mbegu za mipapai alizoziloweka zikaanza kunuka kwenye kopo. Angetukanwa angelala. Kimya kile ndicho kilichomtoa jasho, maana kinyongo kisichosemwa ndicho hasa walichomwambia aogope.

*

Rebeka ndiye aliyelivalia njuga. Alimwita Dorika pembeni, akamsema kama mtoto, huku Ritha na wanawake wengine wawili wakichota maji karibu na kusikia kila neno. Alisema Dorika ameolewa kwenye nyumba yenye watu, si porini. Alisema mtu anakata jeneza la mkwe wake ili apandie mipapai, hilo halijasikika tangu dunia iumbwe. Dorika aliinamisha uso, akaitikia ndiyo wifi, ndiyo wifi. Rebeka alipoishiwa maneno alilitazama tumbo la mwenzake, sauti ikashuka.

"Jumatatu unaenda Kiomboi," akasema. "Huwezi kwenda na jambo hili. Nitazungumza na baba."

Siku ya Jumamosi wakakusanyika uani, watu wa nyumba tu. Rebeka alileta bakuli la maji. Paschal aliomba msamaha kwa maneno mengi na mazuri, akaahidi mninga mwingine msimu huu huu, mpana kuliko ule. Dorika alipiga magoti kwenye vumbi mbele ya kigoda, akasema naomba unisamehe baba. Mzee akapokea bakuli. Akavuta maji mdomoni, akainama kuelekea tumbo la mkwewe.

Dorika akafumba macho akingoja ubaridi wa maji. Haukuja. Alipofumbua, aliona koo la mzee linapanda na kushuka. Alikuwa ameyameza.

"Siwezi," mzee akasema. "Kinyongo bado kipo. Nikikupulizia nacho nitakuwa nimekudhuru."

Rebeka akaanza kulia. Mzee akamrudishia bakuli, akamgeukia mwanawe.

"Paschal, nikuulize. Ulipokuwa unazikata, ulifikiri mimi nitapona au nitakufa?"

Paschal, anayejua kujibu kila kitu, alijibu haraka. "Nilijua utapona, baba. Ndiyo maana nikaona hazina haraka."

"Mtu atakayepona anaulizwa. Ungeningoja."

Na kama angesema alidhani baba atakufa, ndiyo ingekuwa mbaya zaidi, kumwibia mtu kitanda chake akiwa njiani kukilalia. Swali lilikuwa na milango miwili na yote ilikuwa imefungwa. Mzee aliwangoja kidogo, akainuka akaingia ndani. Dorika alibaki amepiga magoti mpaka Rebeka alipomshika kwapa kumwinua.

*

Jumapili Dorika hakwenda kanisani. Alisema miguu imevimba, na ilikuwa imevimba kweli, lakini si hiyo iliyombakiza. Wenzake walipoondoka alifunga nguo zake kwenye kitenge, kanga za kumpokelea mtoto, wembe, glovu, vyote nesi alivyomwagiza. Kila alichokikunja kilimtisha. Zile kanga alikuwa amezikunja hivyo hivyo mwaka juzi, na zilirudi nyumbani hazijatumika.

Akatoka nje. Mzee alikuwa kwenye kigoda chake kando ya meza, ameinua uso kwenye jua. Dorika hakuwa na desturi ya kukaa peke yake na baba mkwe. Heshima ya pale haiko hivyo, mkwe wa kike huleta chakula, hupiga goti, huondoka. Alipiga goti, akamsalimu. Kisha hakuondoka.

Alimwambia kwamba amekuja kujibu lile swali.

Mzee hakugeuka. "Nililiuliza kwa Paschal."

"Paschal alikata, baba. Lakini mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Niliona ni mbao zako. Ningesema neno moja angeacha."

Alichotaka kusema baada ya hapo kilikuwa kibaya, na hakuwa na kingine. Usiku kucha alikuwa ametafuta jibu zuri zaidi. Alilitafuta na kwenye sala, hakulipata.

"Umeuliza kama tulifikiri utapona au utakufa," akasema. "Mimi sikufikiri hivyo wala vile. Sikukufikiria kabisa. Nilifikiria mgongo wangu na huyu mtoto. Ulikuwa unaumwa huko Kiomboi, na mimi hapa sikukukumbuka hata kidogo mpaka Rebeka alipopiga simu kwamba unarudi. Na aliposema unarudi, niliomba wakucheleweshe."

Machozi yalikuwa yanamtoka, hakuyafuta. Alijua kwamba sasa ndiyo amemaliza. Maneno kama hayo mtu humwambia mkwe mara moja, na baada ya hapo hufunga mizigo. Alijishika tumbo chini ya kanga akangoja.

Kisha mabega ya Mzee Alute yakaanza kutikisika, na Dorika alidhani ni kile kifua kimerudi, akataka kuinuka aite watu. Mzee akamzuia kwa mkono. Hakuwa akikohoa wala kucheka; alikuwa analia.

"Mimi nami sikuwafikiria," akasema. "Kule wodini. Wewe una mimba, ninajua una mimba, na sikukuombea hata siku moja. Wala Paschal. Rebeka amekaa pale anapigwa na baridi usiku, sikumwonea huruma. Pumzi ilikuwa inakata, na mimi nilikuwa naogopa tu."

Akaweka kiganja juu ya meza.

"Hizi niliziweka miaka yote nikijua ziko. Nikajiambia, Alute, wewe umeshajiandaa, wenzako ndio watakaohangaika. Nikawatania watu. Na siku ile usiku, daktari alipoita mwenzake, nilizikumbuka. Nikasema, mbao zangu zipo. Hazikunisaidia kitu, mkwe. Niliogopa kama mtu asiye na hata ubao mmoja." Akapumua. "Nikarudi nyumbani nina hasira nazo. Nikakuta ninyi mmezikata, hasira nikawahamishia ninyi."

Dorika hakuwahi kumsikia mtu mzima wa kiume akisema naogopa, si Kinampanda, si kwao, si kanisani wakati wa kushuhudia.

Mzee akauliza kama kuna maji karibu. Kulikuwa na kopo la kumwagilia miche, maji safi ya asubuhi. Dorika akalileta kwa mikono miwili. Mzee akavuta maji mdomoni, akamwekea mkono begani kujitegemeza, kwa sababu nguvu za kuinama hakuwa nazo, akapuliza. Maji nusu yalimpata Dorika tumboni, kanga ikaloa na kumganda, na nusu yalitiririka kwenye ndevu za mzee mpaka kwenye shati. Akasema kwa Kinyiramba maneno ambayo baba yake alikuwa akiyasema, kwamba njia iwe wazi, kwamba kilichokuwa moyoni kimetoka.

Kisha akamtazama mkwewe usoni, jambo ambalo hakuwa akilifanya.

"Bado unaogopa?"

Dorika alitaka kumridhisha. Alitaka kusema hapana, baba, sasa nimepona. Lakini kesho ilikuwa Jumatatu, na kanga zilikuwa zimekunjwa ndani, na mtoto alikuwa amejigeuza ghafla kwa ule ubaridi.

"Naogopa sana, baba."

"Hata mimi," mzee akasema, akaliinua kopo, akavuta maji mdomoni tena.